Baiskeli Haina Pindo

Nyuma ya kibanda cha cherehani,
Jumanne, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mumeo je, na lile goti lake? Sisi huku wazima, ila mimi usingizi umenihama, na kisa ni mjukuu wetu Kijiti anayekaa hapo kwako. Ningepiga simu, lakini simu yako yeye ndiye huipokea, na hili hatakiwi alisikie.

Mzee wangu kamnunulia baiskeli, mtoto aache kwenda shule kwa miguu njia yote ile. Mpya, nyekundu, ina kengele na kikapu. Moyo huo namsifu. Kwenye saizi ndipo alipoharibu. Si unawajua mafundi cherehani. Kakumbuka vipimo vya ile sketi aliyomshonea mwaka juzi, halafu kaongeza, kama anavyoongeza kwenye sare zote, eti mtoto atakulia humo.

Nikamwambia, "Baba, sketi unakunja pindo. Baiskeli utaikunja wapi?"

"Mama, wewe pika."

Nikarudi kukoroga chungu, maana kweli nilikuwa napika.

Miguu isipofika chini, ataanguka siku ya kwanza na ataiogopa. Itaegeshwa ukutani, wanao wakubwa, usininunie, wataigeuza yao, na Kijiti ataendelea kutembea.

Muuza baiskeli kakubali kutubadilishia, mradi matairi yawe bado mapya. Sasa mzee kila siku anaipanda kwenda kazini, eti anailainisha. Akirudi, nachukua kitambaa na sabuni nasugua matairi kama sufuria. Jirani yetu muuza mkaa kaniuliza kama usiku tunaifunika shuka.

Basi humu kwenye bahasha nimekuwekea uzi. Mwambie Kijiti unampima sare. Asimame bila viatu, pima mguu kwa ndani, toka juu kabisa mpaka sakafuni, ufunge fundo hapo. Mpe dereva yuleyule wa basi aliyekuletea barua. Mimi mzee hubishana nami, uzi hatabishana nao.

Fanya leoleo, mdogo wangu. Jana nilichungulia dirishani nikamwona mzee wangu anakata kona, anapiga kengele na njia haina mtu, mvi zote zile, anacheka peke yake. Miguu inafika chini vizuri kabisa. Uzi ukichelewa, zawadi itakuwa imeshapata mwenyewe.

Nisalimie mumeo, na binti yangu mama Kijiti, mwambie ale vizuri. Mungu awafunike nyote humo ndani.

Wako akupendaye, kitambaa mkononi,
Dada yako