Dole Gumba la Zaituni

Jumatatu, 12 Mei
Chaki zimebaki vipande. Leo mikataba ya wakoloni, darasa la tano. Wanaosoma haraka wamemaliza, wameanza kuchokozana. Wasiojua kusoma wamenakili ubao bila kuelewa neno. Zaituni amechora kuku. Miaka kumi na mitatu, kusoma hajui.

Mwalimu Mkuu kaniita. Anataka Zaituni arudishwe darasa la tatu. Nimeumia. Mama yake alishaniambia, akirudishwa hamleti tena, atakwenda kuchunga. Yule mama hatanii.

Jumanne, 13 Mei
Nimemwomba Mkuu asubiri. Kasema mpaka Alhamisi, na atakuja kuangalia mwenyewe. Mimi na cheti changu cha zamani! Naogopa kama mwanafunzi.

Nimebuni igizo dhima. Makundi matatu, kila moja na mtemi wake, wazee wake, na Wajerumani wenye mkataba. Juu nimeandika urafiki na zawadi za vitambaa. Chini kabisa, herufi ndogo: mashamba yote ni yetu. Watemi ni Elia, wa kwanza darasani, Rehema wa pili, na Zaituni. Nilipomtaja wakacheka. Nimegonga meza kwa hasira. Nimetubu.

Jumatano, 14 Mei
Nimesali nikifagia uwanja. Bwana, usiniaibishe mbele ya Mkuu. Halafu nikashtuka. Nimejiombea mimi tu. Nimesali upya, nimemtaja Zaituni.

Alhamisi, 15 Mei
Mungu ni mwema.

Mkuu alikaa dawati la nyuma, magoti juu. Elia kaweka dole hata nusu ya karatasi hajafika, awahi makofi. Kosa letu walimu hilo, kila siku anayemaliza kwanza tunampigia makofi. Rehema kamfuata.

Zaituni kasogezewa wino na Mjerumani wa kundi lake. Hakugusa.

"Weka dole, wewe!"
"Hujaniamkia."
"Mimi Mjerumani, bwana!"
"Na mimi mtemi. Umeingia kwangu hata shikamoo huna, nikuwekee dole la nini?"

Akaongeza kitu kwa Kinyiramba, darasa likaangua kicheko. Hata Mkuu. Mjerumani akanywea, akatoa shikamoo.

"Marahaba. Sasa nisomewe yote. Si wewe, wewe unalitaka dole langu. Asome mzee wangu."

Mzee wake akasoma polepole, mpaka zile herufi ndogo. Elia akaangalia mwisho wa karatasi yake, akashika kichwa. "Mwalimu, nimewauza wote!"

Mkuu akauliza nani atamweleza mkataba ulisema nini. Zaituni akasimama, akaeleza kipengele kwa kipengele. Alisikia mara moja tu.

Mlangoni Mkuu kanishika mkono. Abaki darasa la tano. Ila kusoma nimfundishe mwenyewe, saa ya michezo. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza. Nimekwenda nyuma ya stoo, nimelia. Mzigo umeshuka.

Ijumaa, 16 Mei
Saa ya michezo. Mimi na Zaituni kwenye ngazi za ofisi. Elia kapita na mpira, kasema, "Shikamoo, mtemi." Kaitikia bila kuinua macho.

Alikuja na ile karatasi yake, haina alama ya wino. Nilitaka tuanzie juu. Amekataa, ametaka chini, kwenye herufi ndogo.

Ma. Sha. Mba.

Tulikuwa hapo kengele ilipolia. Hakuinuka.