Wazee wa Upande wa Bilali

Butimba, Mwanza
17 Desemba 1961

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Abeid, Magu.

Shikamoo baba. Mguu wako unaendeleaje, ule ulioangukiwa na ubao? Na mama je, kifua kimeachia? Huku sisi ni wazima. Barua hii nampa Mihayo, dereva wa basi, akukabidhi mwenyewe mkononi. Nakusihi uisome leo leo mpaka mwisho, hata hasira ikikupanda katikati.

Baba, nimejifungua! Mtoto wa kiume, Jumamosi ile ya Uhuru, saa nane mchana, ngoma zinalia kila upande. Ana paji lako la uso, na nikichelewa kumnyonyesha anakunja sura vilevile kama wewe chai ikichelewa.

Najua uliapa. Bilali alikuja kuposa peke yake, hana baba, hana mjomba, hana hata jirani wa kumsindikiza. Ukasema hujapata kuona mtu aliyeota ardhini kama muhogo, ukamwachia baba mdogo Shaibu aniozeshe, na ukaapa hutamwita mkwe wala kukanyaga kwangu mpaka uwaone wazee wake kwa macho. Mwaka wa pili huu. Sikulaumu, baba, lakini nimelia sana.

Sasa sijui nianzie wapi. Mtoto wetu akipiga chafya, anapaa. Haki ya Mungu! Anainuka juu ya godoro kiasi cha shubiri, anaelea kidogo, kisha anashuka taratibu, na usingizi wake hata haukatiki. Mara ya kwanza nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Bi Ng'washi, jirani yangu wa Kisukuma anayenikanda kwa maji ya moto, hakushtuka hata kidogo. Alisema watoto wa Uhuru ni wepesi, akamfunga mguu kwa kanga kwenye tendegu la kitanda, akarudi kukoroga uji wangu.

Jana ilikuwa siku ya saba, na watu wamejaa uani. Saa nne asubuhi kikatoka ziwani chombo kikubwa cha duara, kinang'aa kama sufuria mpya, kikapita juu ya mawe na kutua kwenye mihogo ya jirani. Unadhani watu walikimbia? Thubutu! Walipiga makofi. Walisema serikali mpya imeleta maonyesho ya Uhuru, na watoto wakakipokea na bendera zao za karatasi.

Wakashuka watatu, warefu kupita mlango, ngozi ya kijivu kama mawe yetu ya ziwani. Wakaingia uani bila hodi. Mkubwa wao alishika fimbo inayowaka nchani. Akatangaza, kwa Kiswahili kile safi cha redio, kwamba wamekuja kumchukua mtoto, na atakayezuia atageuzwa majivu yeye na mji wake. Akaielekeza fimbo kwenye banda langu la kuku, likawa moshi. Kuku walikuwa nje, namshukuru Mungu. Hapo ndipo watu walipoacha kupiga makofi.

Sasa Bi Ng'washi alikuwa jikoni, banda hakuliona. Alichosikia ni Kiswahili cha pwani, na mtu anatishia kuondoka na kichanga. Akili yake ikamwambia ni Wazaramo. Unajua Wasukuma na Wazaramo ni watani, na siku kama hiyo mtani ana ruhusa ya kutishia kuiba mtoto, na wewe una ruhusa ya kumtukana mpaka achoke. Bibi akatoka na karai la majivu. Akamtazama yule mkubwa toka juu hadi chini, akamwambia miguu ile ameazima kwa korongo na arudishe kabla ya jioni, na kwamba mama yake alimzaa akiwa na haraka ya kwenda mnadani. Akammwagia majivu yote kichwani. Akamnyang'anya fimbo, akarudi nayo jikoni kukorogea uji. Baba, uji uliiva papo hapo!

Mimi nimemkumbatia mtoto, macho nimefumba, nasubiri tufe sote. Nilipofumbua nikamwona Bilali wangu anatoka mlangoni. Akapiga goti mbele ya yule mkubwa na kusema shikamoo baba.

Hapo ndipo pa kukuomba radhi. Nilipokwambia Bilali ni wa Ukerewe, nilikudanganya. Kwao ni juu, mbali kuliko nyota unazoziona ukitoka msikitini alfajiri, na mimi nilijua kabla ya ndoa, aliniambia mwenyewe. Alitumwa kuhesabu watu wa Mwanza, ili wakubwa wake wajue kama mji unatekeka. Alihesabu vizuri mpaka akafika pale nilipokuwa nauza maandazi, akasahau alipofikia. Kesho yake akaanza upya, akafika kwangu, akasahau tena. Miezi minne, baba! Ningemkataaje? Hesabu haikufika kwao, na yeye hakurudi. Nampenda mpaka naona aibu kukuandikia.

Basi Bilali akamweleza baba yake kwamba huku kwetu mgeni hupewa kiti na heshima, lakini hakuna anayetukanwa na kumwagiwa majivu asipokuwa mtu wa nyumbani. Mzee yule akajifuta uso, majivu yanamdondoka puani. Kisha akakaa mkekani na kuomba uji. Amekunywa mabakuli matatu na kumaliza chumvi yangu yote.

Lakini sheria yao hawaivunji. Kwao mjukuu huondoka na babu aliyekuja kumdai, na wa kumzuia ni babu mwingine tu, aseme kwa kinywa chake. Barua hawapokei, shahidi hawataki. Nikawaambia mtoto ana babu. Wakauliza yuko wapi. Nikanyoosha kidole kuelekea Magu.

Wanakuja kwako Jumatano baada ya adhuhuri, nasi tutakuwa nao. Ulitaka wazee wa Bilali, baba. Wanakuja watatu. Tafadhali usikimbilie panga. Tandika mkeka mpana, weka chumvi ya mawe bakuli zima, na uwatukane bila woga, ulimi wako Magu nzima wanaujua. Mama mwambie asizimie.

Baba yake Bilali atakuuliza swali moja tu, kama huyu ni mjukuu wako. Ukisema ndiyo, atamwacha. Ukinyamaza, au ukiguna tu kama unavyogunaga, atampandisha chomboni na sitamwona tena mpaka kufa kwangu. Jina hatujampa. Nimekuachia wewe.

Nisalimie mama na baba mdogo Shaibu. Bilali anakuamkia. Amekaa hapa mlangoni amempakata mtoto, kanga kaifunga mkononi mwake. Anasema nikuandikie kwamba ukimkubali mjukuu na yeye ukamkataa, ataridhika.

Ni mimi binti yako,
Mastura