Krimu Mdomoni mwa Mama Mkwe

Shoga, weka chini unachofanya usome hii.

Nimeingia na jirani yangu kwenye ule mgahawa wa chai, ule ambao foleni yake hufika hadi nje, tule keki kidogo. Tunatafuta meza, jirani akanifinya mkono: "Yule si mama mkwe wako?"

Ni yeye! MAMA MKWE! Huyu huyu ambaye tangu ahamie kwetu amepiga marufuku sukari nyumba nzima, eti akiiona tu presha inampanda. Watoto wangu wanakunywa chai kama dawa kwa ajili yake. Na mbele yake keki ya chokoleti, pembeni sahani nyingine imebaki makombo!

Unajua nani alianza kufoka? Yeye! "Mke wa mwanangu, nyumba umemwachia nani ukaja kula keki?" Na krimu mdomoni, shoga. Krimu mdomoni!

Siku zote huwa nainamisha kichwa, "Samahani, mama." Leo nimevuta kiti, nikakaa meza yake, nikamwita mhudumu: "Tuletee keki tatu, na chai yenye sukari."

Mama mkwe akafuta mdomo. Halafu akaninong'oneza: "Mwanangu asijue."

Nikamwambia, "Mama, mimi sisemi neno. Ila jioni nikiweka kopo la sukari mezani, wewe ndiye utakayeanza kuchota."

Sasa hivi niko dukani. Nimechukua kilo mbili.