Makumbi ya Zuleha

Moa, 4 Mei 2024

Hasina,

Huna haya. Salamu nitakupa maana mie nililelewa, lakini kwanza ujue huna haya. Umzima? Mwamvua mwanao mzima? Mie goti linaniuma, mengine sisemi.

Umekuja kwenye arobaini ya mama yako, umekula, umelia, ukaondoka na makumbi yake ya nazi kwenye kiroba. Nani kakutuma uyafukue? Zuleha aliyafukia pwani yalainike asokote kamba, na bahari ikajaa ikamzamisha pale pale shimoni akiyageuza. Makumbi ya marehemu huku hayaguswi, yanaozea alipoyaweka. Unalijua hilo tangu unanyonya. Yarudishe.

Bibi yako

Usagara, 11 Mei

Bibi, shikamoo.

Sisi wazima, pole na goti. Usinikasirikie. Okidi zangu, maua yangu ya vyunguni, hazitaki udongo, zinataka makumbi, na haya ya mama ni laini kuliko yote niliyowahi kununua. Zimechanua zote, hata zile nilizozikatia tamaa.

Shida ni makoa, wale konokono wasio na gamba. Wanatoka ndani ya makumbi, wanakula maua, majani hawagusi. Nimewamwagia chumvi kama wafanyavyo watu wote. Hawafi, Bibi. Wanaifuata. Mwamvua anacheka, anasema wana kiu.

Mjukuu wako Hasina

Moa, 15 Mei

Hasina,

Goti bado. Weye hujambo, nimeona, una nguvu za kubishana.

Makumbi yamelala kwenye matope ya chumvi tangu kabla ya mvua. Koa gani anaishi humo? Hukujiuliza? Na shule yote ile! Asubuhi utazame ute wao unaishia wapi. Kisha yarudishe yote.

Bibi yako

Usagara, 19 Mei

Bibi, shikamoo.

Ukiniuliza hali, sijui nikujibu nini. Ute unatoka kwenye vyungu, unakatiza sebule, unaishia kwenye mkeka wa Mwamvua. Mtoto anaamka nywele mbichi, zimesokotwa. Sisemi zimesukwa, Bibi. Zimesokotwa, vile mama alivyosokota kamba juu ya paja. Nikizifumua anapiga kelele: "Bibi Zuleha hajamaliza!" Nikimbusu shavu, lina chumvi.

Makumbi nimempa jirani yako Masoud, alikuja mjini na pikipiki. Nimebakisha chungu kimoja. Usinitukane. Kinanukia kama yeye.

Mjukuu wako Hasina

Moa, 21 Mei

Hasina,

Leo salamu hakuna.

Masoud kafika. Nimekwenda kuyafukia mwenyewe, na goti langu hili. Shimo nimelikuta limesafishwa, matope yamelainishwa kama kitanda kilichotandikwa. Pembeni pameachwa nafasi. Ndogo.

Unadhani weye peke yako ndiye uliyefiwa? Mie nilimzaa. Namlilia kukushinda. Lakini Zuleha namjua, tangu mdogo hawezi kulala peke yake, alikuwa akiamka anamburuta mdogo wake mpaka kitandani kwake. Na kamba mwanangu hakuwa akisokota kwa mchezo. Alisokota apate kuvutia kitu.

Chungu hicho kitie moto, na ua lake, usikinuse tena. Kisha mkalishe Mwamvua mlangoni, juani, umnyoe kipara. Wembe shika mwenyewe. Akikwambia Bibi Zuleha anakataa, usimjibu. Nyoa.

Bibi yako