Nyimbo za Kibandani kwa Kassimu

Jumatano, 9 Julai

Maji yamekatika tena. Nimenawa uso kwa kikombe kimoja, nikakaa kuandika mazungumzo yangu ya redio ya Jumapili. Nilipanga kuwachapa wanaojenga barabara ya Mwandiga. Mdogo wangu Mwajuma akaingia bila hodi. Kassimu kakamatwa.

Kassimu ana kibanda Mwanga, karibu na soko. Unampa simu, anakujazia nyimbo. Maofisa wa hakimiliki wamefika na sheria mpya mkononi, wamebeba kompyuta, spika na kopo zima la memori kadi. Kosa lake ni kunakili kazi za wasanii bila kibali. Na msanii aliyeibiwa, kwa mujibu wa mashtaka, ni Mwajuma. Hajamlalamikia mtu. Hakuulizwa hata jina la wimbo.

Barabara ya Mwandiga itasubiri.

Ijumaa, 11 Julai

Hasira haijashuka. Niiandike, labda itapoa.

Mwajuma anaimba harusini, hapa Ujiji na kandokando ya ziwa. Kila harusi anaitungia majina: mama mzazi, shangazi, wajomba, hadi aliyesimamia masufuria. Kassimu anarekodi moja kwa moja kutoka kwenye mitambo, sauti safi. Baada ya harusi mashangazi wanapanga foleni kibandani, kila mmoja anataka sehemu aliyotajwa yeye. Huo wimbo ni wa nani? Mwambie shangazi wa bibi harusi kwamba jina lake ni mali ya mtu mwingine, uone.

Kisha wimbo unapanda boti. Unafika vijiji vya kusini ambako mtandao haushiki. Wiki chache baadaye simu ya Mwajuma inalia: tunamtaka huyo mwimbaji. Hiyo ndiyo riziki yake. Hana nyingine.

CD halali alishatengeneza, zenye stika ya serikali na kila kitu. Zipo kwenye maboksi chini ya kitanda.

Nimesoma watetezi wa sheria hizi, nimesoma na wapinzani wao. Wote wanahesabu wezi. Hakuna anayeuliza kama msikilizaji ana duka la kuingia. Sheria inaweza kufunga kibanda. Haiwezi kufungua duka. Siutetei wizi. Anayechukua wimbo wa mtu na kuuita wake, mfungeni. Lakini Kassimu?

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka studio sasa hivi. Niliwaka. Nilisema, na ninajinukuu mwenyewe kwa sababu nimejipenda: “Kassimu amefikisha nyimbo za Mwajuma kila kijiji cha ufukweni, miaka nenda rudi, mpaka ng'ambo Kongo. Ofisi gani imewahi kumfanyia msanii kazi hiyo?”

Simu hazikukatika. Mzee mmoja wa Mwandiga akasema, “Mwalimu, leo umewavua nguo!” Nimerudi nyumbani natembea kama askari wa gwaride.

Jumanne, 22 Julai

Mwajuma amekwenda ofisini kwao kusema amemsamehe Kassimu. Ofisa akamwambia kesi si yake, ni ya Jamhuri. “Mama, sisi tunakulinda wewe.”

“Kunilinda na nani? Na wateja wangu?”

Ofisa alicheka, akamwonyesha mlango kwa heshima zote.

Jambo jingine baya. Maofisa walikwenda nyumbani kwa mjomba wa bibi harusi mmoja kwa sababu ametajwa kwenye wimbo. Wakamuuliza rekodi ameipata wapi. Mzee wa watu, kanzu yake safi, anahojiwa sebuleni mbele ya wakwe. Ujiji nzima imeshajua.

Lakini liko tumaini. Wakili anayejitolea amempa Kassimu shauri zuri. Akiri kosa, kisha aombe huruma: ni mtu mdogo, alikuwa akiwapa nakala wenye harusi tu, hapa hapa mjini. Wakili anasema atapewa onyo, pengine faini inayolipika. Kassimu amekubali. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 31 Julai

Sijui nianzie wapi.

Kassimu amekiri. Wakili akasimama, akaomba vizuri sana. Mtu mdogo. Wenye harusi tu. Hapa hapa mjini. Hakimu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, niliona kwa macho yangu.

Mwendesha mashtaka akasema anacho kielelezo. Akachomeka memori kadi kwenye spika ndogo. Ikatoka sauti yangu.

Kila kijiji cha ufukweni. Miaka nenda rudi. Mpaka ng'ambo Kongo.

Hakimu akauliza rekodi ya redio imepatikana wapi. Mwendesha mashtaka akajibu bila aibu: imenunuliwa kwenye kibanda cha nyimbo, stendi ya malori. Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza. Kielelezo kikapokelewa.

Miezi sita jela. Mitambo imetaifishwa.

Kassimu alipopita karibu yangu alisema, “Shikamoo, Mwalimu.” Hivyo tu, kama anavyonisalimia siku zote. Mwajuma alipita upande wa pili wa benchi.

Ijumaa, 1 Agosti

Redio wamepiga. Wanataka sehemu ya pili, eti wasikilizaji wamesisimka. Nimekata simu.

Jumapili, 17 Agosti

Maofisa walimshauri Mwajuma apange meza ya CD halali pale sokoni Mwanga. Njia iko wazi sasa, walisema, mwizi kaondoka. Wakampiga picha mbele ya meza, wakaondoka na picha yao.

Nimekaa naye tangu asubuhi. Watu wanakuja, wanamjua, wanamsifu. Dada mmoja aligeuza CD huku na huku, akatoa simu yake. “Sasa hii naiingiza wapi, dada'angu?” Kijana mwingine akasema kwao deki ilikufa, wanaifunikia kitambaa. Hatukuuza hata moja. Jioni tumerudisha maboksi chini ya kitanda.

Simu za kusini zimenyamaza. Hakuna wimbo uliopanda boti, basi hakuna anayemkumbuka.

Nilikuwa na hoja nzuri. Bado ni nzuri, kila siku inathibitika. Haina faida kwa mtu.

Mwajuma anaongea nami mambo ya chumvi na mkaa tu.

Jumamosi, 30 Agosti

Harusi hapa Ujiji, ya majirani. Walimchukua Mwajuma kwa ujirani. Nikambebea begi la nguo. Hakukataa.

Kabla hajapanda jukwaani, baba wa bwana harusi alimwita pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia. “Mwanangu, usitutaje. Tafadhali. Hatutaki kuitwa mahakamani.” Mwajuma akasema sawa, baba.

Kisha yule mzee akatangaza simu zote ziwekwe mifukoni. Zikawekwa.

Mwajuma akaimba. Sauti ile ile. Pale panapoingia jina la mama, akaacha muziki upite. Panapoingia shangazi, akaacha upite. Niliwaona mashangazi wamekaa mstari wa mbele, kila mmoja na noti ya kutunza mkononi, wanasubiri pahali pao. Wakasubiri mpaka wimbo ukaisha. Mmoja akaikunja noti yake, akairudisha kwenye pochi.

Walipiga makofi, kwa adabu.

Tumerudi kwa miguu. Upepo kutoka ziwani, baridi kidogo. Mlangoni alipokea begi lake, akasema, “Lala salama, dada.” Akafunga.