Madoa ya Kahawa kwenye Ilani ya Pili

Jumatatu, 11 Agosti
Kurasa arobaini kabla ya chai. Skana imekwama mara mbili, nikaipiga kofi, ikatii. Ilani ya Tatu ya Wachoraji wa Kinyume inapiga marufuku fremu. Ilani ya Nne inaifuta ya Tatu. Walikuwa wanaume wanne wa hapa Tanga, wote sasa marehemu. Walichora kwenye magunia ya mkonge, kisha wakatundika picha zikitazama ukuta. Walipokosa watazamaji walizibeba hadi Tongoni, wakawaonyesha wafu makaburini. Taarifa yao inasema hakuna aliyelalamika.

Sanduku la karatasi ni la Seif, muuza vifaa vya ujenzi wa Pongwe, mtoto wa kiongozi wao. Ijumaa ya wiki ijayo tunaweka kila kitu mtandaoni, bure, kwa yeyote. Labda sasa watu wataacha kuidharau maktaba yetu.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemaliza kusafisha. Karatasi zote zilijaa madoa ya kahawa, duara juu ya duara. Wasanii na uchafu! Nimeyafuta doa moja moja kwenye kompyuta, siku tatu, mpaka jicho la kushoto linacheza. Sasa ilani zinang'aa kama cheti cha ubatizo. Picha za kwanza zenye madoa nimezifuta kabisa, kompyuta ilikuwa imejaa. Sanduku nimemrudishia Seif pamoja na nakala safi. Amefurahi sana. Najivunia, sifichi.

Alhamisi, 14 Agosti
Siku mbaya.

Nilimwita Bi Salha wa Ngamiani, aliyewajua wale wanne, atutajie sura zilizomo kwenye picha za zamani za kundi. Anakaribia themanini, fimbo mkononi, mdomo mkali. Shikamoo, marahaba, kazi ikaanza. Kataja kila sura, na nani kati yao alikuwa mvivu. Kisha akaiona Ilani ya Pili kwenye kompyuta. Akaisogelea.

“Vikombe vyetu mmevitia wapi, mwanangu?”

Nikamwambia, kwa fahari kabisa, kwamba nimesafisha. Akanitazama kama mtu aliyekuta nyumba yake imebomolewa.

Kumbe Wakinyume hawakunyoosha mikono kupiga kura. Aliyeikubali ilani alimaliza kahawa yake, akakiweka kikombe juu ya karatasi. Kila mtu na kikombe chake. Vikombe vilikuwa vitano. Cha tano kilikuwa chake. Jina hakuandika, baba yake asingemwacha hai. “Naingia na birika, natoka nimeshapiga kura.” Alama hizo ndizo ushahidi pekee kwamba alikuwamo. Nami nimezifuta kwa bidii.

Alipoondoka nikaisoma tena ilani. “Akubaliye ataweka kikombe.” Sentensi hiyo niliichapa mwenyewe. Nilidhani ni ushairi.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimempigia Seif. Sikusema ukweli. Nimeomba sanduku “kwa ukaguzi”. Mwoga mkubwa mimi.

Seif anasema karatasi haziko dukani. Amezipenda nakala zangu safi mno, kaona na zile halisi zing'ae. Kazipeleka stesheneri zipigwe leminesheni.

Nimekwenda Pongwe kwa bodaboda huku nikisali. Hatia ni yangu. Mtu wa nchi hii akikipenda kitu atakipiga leminesheni, cheti cha shule, picha ya harusi, hata kadi ya kliniki ya mtoto. Nilipaswa kumwonya siku ya kwanza. Kwa kazi yetu ni janga, karatasi haitoki tena.

Nimezikuta zimekwisha, bado zina joto. Na madoa yote yamo ndani, chini ya plastiki, yanaonekana kuliko zamani. Nimekaa kwenye benchi nikacheka peke yangu. Dada wa stesheneri akaniletea maji ya kunywa.

Jumapili, 17 Agosti
Kanisani sikusikia mahubiri. Mchungaji kashika kikombe cha ushirika, nami nikawa natazama kitako chake.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimemwambia Seif habari za jina la tano. Amekataa. Kila nyumba ina mwanamke wa kuleta kahawa, anasema, hiyo haimfanyi mchoraji. Kundi la baba yake lilikuwa la watu wanne. Nikiongeza wa tano, anaondoa ruhusa, sanduku zima. Mkuu wangu anataka tuandike wanne, yaishe. Nikarudi mezani kwangu. Ninajichukia.

Jumatano, 20 Agosti
Nimempeleka Bi Salha dukani kwa Seif bila kumwuliza mtu. Seif akainuka kitini, shikamoo, akaleta kiti. Bi Salha akafungua leso, akatoa kikombe cha kahawa. Kitako chake kina pengo. Akakiweka juu ya Ilani ya Pili, palepale kwenye plastiki. Pengo likakaa juu ya pengo la doa. Ya Kwanza, vilevile. Ya Tatu, vilevile. Ya Tano, vilevile.

Kwenye Ya Nne duara lake halipo. Seif akadaka hapo hapo: mbona hii huna alama?

“Hiyo niliikataa. Baba yako alitaka kurudisha fremu.”

Seif akaisoma Ya Nne upya. Kisha akacheka mpaka akashika mbao za kaunta. Kumbe nyumbani kwao ugomvi wa fremu ulisimuliwa miaka nenda rudi, ila baba hakumtaja mpinzani. Akaomba jina kamili la Bi Salha, na la baba yake, liandikwe sawasawa.

Hapo nami nikakiri kwamba picha za kwanza, zenye madoa, nilizifuta zote. Wote wawili wakanitazama. Afadhali wangenitukana.

Alhamisi, 21 Agosti
Kupiga picha plastiki ni adhabu. Inang'aa kila upande. Nimefanya kazi kutwa chini ya shuka jeusi, natoka jasho. Sijafuta hata nukta.

Ijumaa, 22 Agosti
Ilani zimefunguka mtandaoni tangu asubuhi. Watu wachache wameingia. Mmoja ameandika kulalamika kwamba kurasa ni chafu.

Bi Salha kaja baada ya swala ya Ijumaa, peke yake. Hakuleta miwani. Akaomba nimsomee majina ya kundi. Nikasoma wale wanne, kisha lake. Akasema nisome tena.

Safari hii nikaanza na lake.