Siku Nilipopita Kasulu Bila Kusalimia

Neema mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Huku Makere hatujambo, mama yako anavuna maharage. Umepata ufadhili wa kusomea ukuaji wa miji, sasa unaniuliza Kasulu ilianza lini kuwa mji. Umenivuruga kichwa.

Nikiwa msichana nilipeleka maharage sokoni Kasulu. Kila niliyekutana naye njiani nilimpigia makofi ya salamu, "Mwakeye," nikamuuliza habari za kwake zote, kama tufanyavyo kijijini. Nikafika soko limekwisha. Safari iliyofuata nilipita kimya, nikiogopa wataniuliza nimekasirikia nini. Hakuna aliyeuliza. Nikauza maharage yote, nikarudi nalia, na hadi leo sijui nililia nini.

Labda mji ulianza siku hiyo. Huko uliko, nani anakusalimia asubuhi?

Bibi yako